Laini ya umeme Bukavu–Goma: watuulize mbele ya kukata miti, si kisha

Sina haja ya kueleza delestaji kwa msomaji wa Goma ao wa Bukavu. Januari 2025, vita ilipofika Goma, nyaya zilikatika, umeme ukaenda, na maji yakaenda nao, kwa sababu pompi zinazopandisha maji ya ziwa zinatembea na umeme. Watu walirudi kuchota ziwani na vidumu, na kila mmoja anajua kipindupindu kinatoka wapi. Basi mtu akisema leo kwamba laini inayotoka Ruzizi, inayopitia Bukavu na Kalehe mpaka Goma, inapaswa kujengwa upya, hakuna atakayempinga. Mimi pia simpingi.

Ninachopinga ni namna tunavyozoea kujenga vitu katika nchi hii.

Laini hii ni ya kilovolti 70. Inaleta umeme wa mtambo wa Ruzizi ya kwanza, uliojengwa miaka ya mwisho ya ukoloni, na wa Ruzizi ya pili, iliyofunguliwa mwaka 1989. Wakati nguzo za kwanza zilisimamishwa, watu waliokuwa wanakaa chini yake walikuwa wachache. Leo, ukitoka Katana kwenda Minova kwa barabara, nyumba zinafuatana karibu bila kuachana. Mpango wa kuunganisha umeme wa nchi za Maziwa Makuu, ule wanaouita NELSAP, unataja laini za kilovolti 220. Nguvu ikipanda, nguzo zinakuwa ndefu zaidi na ukanda wa chini unakuwa mpana zaidi: makumi ya mita ambamo hakuna nyumba inayoruhusiwa, hakuna mkaratusi, hakuna mti mrefu wowote.

Na ukanda huo unapita wapi? Kwa sehemu kubwa, ni kwenye miteremko ya Kalehe. Tarehe 4 Mei 2023, mvua ilishusha mlima juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Sisemi laini ya umeme ndiyo ilileta ile maafa. Ninasema mteremko uliopoteza miti haushiki udongo, na mama yeyote anayelima pale anaweza kukuonyesha kwa kidole bonde lipi lilianza kukatika mwaka gani. Injinia aliyekuja na ndege kutoka Kinshasa ao Ulaya hajui. Ramani yake haimwambii. Kumuuliza huyo mama si kumfanyia heshima tu. Ni kuzuia nguzo isiwekwe mahali itaanguka na nyumba zitakazokuwa chini yake.

Wale wanaoona ninatia chumvi wakumbuke soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2022. Waya wa nguvu kubwa ulikatika, ukaangukia watu kati ya soko. Watu 26 walikufa, wengi wao akina mama wachuuzi. Kila mtu alijua kwamba soko liko chini ya nyaya.

Sheria ipo, tena ni nzuri. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya ulinzi wa mazingira inadai, katika kifungu cha 21, uchunguzi juu ya mazingira na maisha ya watu kabla ya mradi kama huu kuanza. Kifungu cha 24 kinadai raia waulizwe kwanza. Kuna hata shirika la serikali kwa kazi hiyo, ACE, lililoundwa mwaka 2014. Banki ya Dunia nayo, ikitoa pesa, ina kanuni yake ya kumi inayolazimisha watu wapewe habari na wasikilizwe.

Lakini niliwahi kukaa ndani ya mkutano wa namna hiyo, kwa mradi mwingine ambao sitautaja. Kitabu cha uchunguzi kilikuwa kwa Kifaransa, kinene kama Biblia, na nakala moja tu ilikuwa mezani mbele. Mgeni alisoma kwa saa nzima. Wazee waliketi viti vya mbele, akina mama wakasimama mlangoni na watoto mgongoni. Wakati wa maulizo, mama mmoja alitaka kujua miti yake ikikatwa, kuni zitakuwa za nani. Walimjibu kwamba swali lake litaandikwa. Kisha Fanta, karatasi ya kutia sahihi, na pesa kidogo ya usafiri. Ile karatasi ndiyo iliyokwenda kwenye ripoti kama alama kwamba raia wamekubali. Mimi pia nilitia sahihi, na bado inaniuma.

Swali la yule mama ni swali la mazingira kabisa. Kuni za ukanda mzima zinaweza kuwa makala ya mtu mmoja mwenye lori, ao zinaweza kubaki kwa wenye mashamba. Tena kuna mengine. Ukanda utasafishwaje kila mwaka: kwa panga, na vijana wa kijiji walipwe, ao kwa dawa ya kuua majani ambayo mvua itaishusha ziwani? Mihogo na maharagi vitaruhusiwa chini ya nyaya? Mafuta ya transfoma za zamani yatapelekwa wapi? Transfoma nyingi za miaka ile zilijazwa mafuta yenye PCB, sumu ambayo mkataba wa Stockholm unaagiza iwe imeondolewa na kuharibiwa mpaka mwaka 2028. Kabini ikivunjwa na mafuta yakimwagika kwenye udongo, hakuna atakayeyazoa.

Kuna wanaosema mashauriano yanachelewesha, na kwamba kila siku bila umeme ni magunia ya makala yanayotoka ndani ya Virunga. Ni kweli, na hoja hiyo ninaiheshimu kuliko zote. Umeme unaokoa msitu. Ila kazi inayosimamishwa na wakaaji wenye hasira kisha nguzo kufika inachelewa zaidi ya mikutano kumi ya kijiji. Na hasira hiyo ina sababu: waya unapita juu ya vichwa vya watu wa Kalehe kwenda kuangazia miji, na wao jioni wanawasha taa za petroli. Mkisikiliza kweli, hilo ndilo jambo la kwanza watawaambia.

Wengine wataniuliza nani ataitisha mikutano hiyo leo, wakati eneo lina mabwana wengine na Kinshasa iko mbali. Swali ni gumu. Lakini miteremko haingoji makubaliano ya Doha ao Washington, na atakayeleta pesa, awe nani, atapaswa kupitia kwa watu walewale. Aanze na vitu vidogo: ufupisho wa kurasa kumi kwa Kiswahili na kwa Mashi na Kihavu, usomwe kwa redio za jamii, mikutano ya akina mama peke yao, siku isiyo ya soko, mti na shamba vilipwe mbele ya panga kuingia, kama Katiba inavyosema katika kifungu cha 34. Na kwenye karatasi ya sahihi, kuwe na safu ya kuandika kwamba sikubali.