Wauza 'dawa za kinga' kwenye mabasi nani anawadhibiti?



Leo nimekwenda kliniki, na basi lilikuwa bado halijatoka stendi alipopanda kijana mwenye kipaza sauti na mkoba wa makopo. Akataja sukari, presha, nguvu za kiume, kisha akaniona mimi na mabaka yangu mashavuni. "Mama huyu kinga imeshuka, anahitaji makopo mawili!" Basi zima likanigeukia.

Nikamwambia nina lupasi. Kinga yangu haijashuka, imepanda mori: inanishambulia mwenyewe, viungo, ngozi hadi figo, na vidonge ninavyomeza ni vya kuituliza. Akacheka, eti hayo ni maneno ya madaktari. Nikaomba kopo nisome. Kwa maandishi madogo: mlonge, kitunguu saumu, alfalfa. Hiyo alfalfa ndiyo tunayokatazwa sisi wenye lupasi, maana inaweza kuuamsha ugonjwa. Namba ya usajili sikuiona.

Mama wa kiti cha nyuma, mwenye baridi yabisi, akanunua. Akaambiwa aache dawa za hospitali "zisigongane". Jamani! Aliyezoea dawa kama prednisoloni akiikatisha ghafla anaweza kufa. Konda yuko mlangoni anachekelea tu.

Sipingi tiba asili. Sheria yake tunayo tangu 2002, na baraza lake lipo. Ila mgambo wa stendi wanaomkimbiza muuza karanga, huyu wa makopo wanampisha apande. Kwa nini?

Nafika hospitali, dirisha la dawa linanijibu dawa yangu ya lupasi, haidroksiklorokwini, imeisha, kanunue nje. Kwa hela ipi? Mgonjwa akijibiwa hivyo kila mara, mnashangaa nini akikimbilia kopo?

Wanasiasa ndio usiseme. Mwaka 2011 kwenye kikombe cha dawa ya mitishamba cha Loliondo tuliwaona vigogo nao wamo, wananchi wakafuata. Lakini wao wakizidiwa wanapelekwa India kwa kodi zetu, sisi tunabaki na kipaza sauti cha stendi. Uchaguzi ukikaribia watakuja kutuahidi dawa hadi zahanati ya kijiji.

Wahusika waanze na hili dogo: asiye na kibali asipande basi kuuza dawa, na konda anayemruhusu atozwe faini.


Mgonjwa wa lupasi,
Morogoro