Mtoto Si Ng'ombe

Kila mtoto anapopigwa risasi darasani kule Marekani, Wakenya tunageuka wataalamu. Mei 2022, mtu mmoja alipowaua watoto 19 na walimu wawili katika shule ya msingi mjini Uvalde, Texas, simu yangu ilijaa maoni kutoka asubuhi hadi usiku. Kwamba Wamarekani wamepotoka. Kwamba kwao bunduki inauzwa kama mkate. Kwamba sisi huku tuna shida zetu, sawa, lakini angalau mtoto akitoka kwenda shule unajua atarudi.

Angalau ya wapi hiyo? Hebu panda matatu hapa Nakuru, upite Mogotio, uende hadi Marigat. Ni kama kilomita 100 tu, unafika kabla simu haijaisha chaji. Ukifika uliza njia ya kwenda Arabal na Mukutani, Baringo Kusini. Waulize wazazi wa huko ni mara ngapi shule imefungwa kwa sababu ya milio ya risasi. Ukimaliza, rudi uniambie hiyo angalau yako inaanzia wapi na inaishia wapi.

Nasema hivi: Kenya tuna watu wanaoshambulia shule kwa bunduki. Tumekuwa nao miaka mingi. Na sababu moja kubwa ya kutowazuia ni kwamba tumelipa jambo hili jina la ng'ombe. Tunaliita wizi wa mifugo. Ukishasema wizi wa mifugo, mambo yote yanakaa sawa. Habari za saa moja zinasoma idadi ya mbuzi waliochukuliwa na idadi ya mbuzi waliorudishwa. Mbunge anadai fidia ya mifugo. Kamanda anasema vijana wake wanafuata nyayo. Hakuna anayeuliza darasa la nne walikuwa wapi siku hiyo, na kama walirudi Jumatatu.

Februari 2022, basi la shule ya upili ya Tot, Bonde la Kerio, lilimiminiwa risasi likiwa limebeba wanafunzi na walimu. Dereva akauawa, wengine wakajeruhiwa. Sasa niambie, ndani ya lile basi kulikuwa na ng'ombe wangapi? Basi lina jina la shule ubavuni. Watoto wamevaa sare. Anayelenga bunduki pale anajua kabisa analenga nini. Kisa kama hicho kingetokea Ohio, sote tungekiita kwa jina lake. Kimetokea Elgeyo Marakwet, tukakiweka kwenye faili ya mifugo na maisha yakaendelea.

Kabla ya hapo, Septemba 2021, ilikuwa Ol Moran, Laikipia. Nyumba zilichomwa, familia zikakimbilia kanisa Katoliki na shule zikafungwa wakati watoto wa sehemu zingine za nchi wakiendelea na masomo kama kawaida. Na mwishoni mwa mwaka hakuna mtihani wa watu wa Ol Moran na mwingine wa watu wa Nairobi. Karatasi ni moja. Mtaani kwetu kuna mama muuza mboga aliyehama kutoka upande wa Baringo na watoto wake watatu. Mkubwa amerudia darasa mara mbili, na si kwamba ni mzito wa kuelewa. Shule yake ilikuwa inakufa na kufufuka.

Wapo wanaosema huu ni utamaduni, kwamba jamii za wafugaji zimeibiana mifugo tangu zamani na hutabadilisha mtu kwa sheria. Hii hoja inanichosha. Wazee waliibiana kwa mikuki na mishale, na hata wao walikuwa na miiko yao. Bunduki ya AK-47 haikutoka kwa mababu. Mwaka 1979 Idi Amin alipoangushwa, ghala la silaha la kambi ya Moroto kule Uganda lilivunjwa na bunduki zikasambaa kote mpakani. Vita vya Sudan vikaongeza zake. Somalia ilipoanguka 1991, zikaja zingine. Huo si utamaduni, ni soko. Na soko lina wauzaji, wasafirishaji na watu wenye pesa wanaolilinda. Ukiliita utamaduni, unamlaumu Mpokot mzima au Mturkana mzima, na yule mwenye lori la kubeba ng'ombe usiku hadi kichinjioni anabaki mtu wa heshima. Mtoto wa Kipokot pia shule yake imefungwa. Yeye pia analala porini operesheni inapoanza.

Na risasi zinatoka wapi? Bunduki moja inaweza kudumu miaka 40, lakini risasi inaisha. Lazima mtu ailete nyingine. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo sitajifanya mtafiti, lakini kusoma najua. Mwaka 2008 taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilitoa ripoti kuhusu Turkana Kaskazini, na ikasema karibu nusu ya risasi zilizokuwa mikononi mwa raia kinyume cha sheria zilitoka kwa polisi wetu. Zilikuwa risasi za kiwanda cha Eldoret, zile unazolipia ukikatwa ushuru. Wenyewe walikuwa na sababu zao: serikali haiwezi kuwalinda Waturkana dhidi ya majirani wa ng'ambo ya mpaka, basi iwape risasi wajilinde. Ukielewa hapo, umeelewa shida yote. Serikali ikishindwa kufika, inatuma risasi kwa niaba yake. Na risasi ikishatoka kwenye daftari haina mwenyewe.

Ndiyo maana sizikubali zile suluhisho mbili tunazouziwa kila mwaka.

Ya kwanza ni operesheni. Waziri anatoa siku kadhaa watu wasalimishe silaha, helikopta zinaruka, kamera zinapiga picha. Jeshi lilipelekwa Pokot Magharibi mwaka 1984, na wazee huko bado wanausimulia mwaka huo kama msiba. Ikaja Dumisha Amani 2005, kisha Dumisha Amani ya pili 2010. Februari 2023 ikaja Maliza Uhalifu, kaunti sita zikatangazwa maeneo hatari: Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Elgeyo Marakwet, Laikipia na Samburu. Watu wakapewa siku tatu. Lakini jiweke kwenye viatu vya mzee wa Mukutani. Akirudisha bunduki leo na jirani wa ng'ambo ya mto asirudishe, kesho nani atakuja? Polisi wako umbali gani? Barabara iko? Simu inashika? Bila majibu ya hayo, anayesalimisha bunduki anakuwa chambo, na anayeificha ndiye mwenye akili. Novemba 2016 Naibu Rais William Ruto aliwasha moto bunduki 5,250 pale Ngong. Moto ulikuwa mkubwa, picha zilikuwa nzuri. Lakini soko halikufungwa.

Watu wanapenda kutaja Uingereza na Australia. Ni kweli, baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa Dunblane, Scotland, Machi 1996, Uingereza ilipiga marufuku bastola mikononi mwa raia mwaka uliofuata. Baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwezi mmoja baadaye, Australia ilinunua na kuharibu bunduki zaidi ya laki sita. Lakini kule mwananchi alikabidhi bunduki yake akarudi nyumbani akalala. Hakuna mtu aliyekuwa akimngojea kwenye kichaka. Sheria tunazo hata sisi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ni kali kuliko za nchi nyingi. Kinachokosekana ni usingizi wa huyo mzee.

Suluhisho la pili ni kuongeza bunduki. Tuwape polisi wa akiba, tuwape wanakijiji, wengine hata walimu. Hao polisi wa akiba tumewachezea kama mpira: 2019 walinyang'anywa bunduki ili wakaguliwe upya, serikali iliyofuata ikaanza kuwaajiri tena. Sina ugomvi nao. Wengi ni vijana wa rika langu waliowekwa mbele ya wenzao waliobeba silaha kubwa kuwaliko. Ugomvi wangu ni na wazo kwamba bunduki nyingi zenyewe ni ulinzi. Uvalde walifika maafisa 376 na wakakaa zaidi ya saa nzima kabla ya kuingia darasani. Na kwetu, Aprili 2, 2015, magaidi wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri. Kikosi maalum cha Recce kilikuwa Nairobi. Kikafika mchana. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi waliokuwa umri wangu wa sasa. Bunduki Kenya ilikuwa nazo siku hiyo. Aliyekosekana ni mtu wa kuamua haraka kwamba mtoto wa mtu aliyeko Garissa ana thamani ya mafuta ya ndege.

Na usiniambie hatuna polisi wa kutosha. Sisi wa Nakuru tuliwaona. Aprili 2025, wasichana wa Butere walikuja hapa kwa tamasha la kitaifa la maigizo, na mchezo wao kumbe ulikuwa umeudhi wakubwa. Mahakama ilikuwa imeamua wacheze. Polisi wakajaa. Mwandishi wa mchezo akakamatwa. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza, na vitoa machozi vikarushwa. Kwa ajili ya mchezo wa kuigiza! Kama serikali inaweza kuzunguka wasichana wa shule kwa siku mbili ili wasiseme maneno jukwaani, basi inaweza kukaa Arabal muhula mmoja ili watoto wamalize hesabu zao. Magari yapo. Maafisa wapo. Barabara ya kwenda Marigat ina lami.

Kuna atakayenijibu kwamba muuaji wa wanafunzi Kenya ni moto, si bunduki. Kyanguli wavulana 67 mwaka 2001, Endarasha wavulana 21 mwaka 2024. Nakubali, na sitashindanisha maiti. Lakini tazama kinachofuata kila mara: rambirambi, tume, ripoti, kabati. Shule za Bonde la Kerio hata hiyo tume hazipati, kwa sababu rasmi hakuna shule iliyoshambuliwa. Kuna mifugo iliyoibwa.

Kwa hivyo kazi ianzie kwenye daftari. Wizara ya Elimu iandike na itangaze kila muhula ni shule ngapi zimefungwa kwa sababu ya risasi, wapi, siku ngapi, watoto wangapi. Polisi waandike shambulio la shule kama shambulio la shule. Kila risasi inayotoka Eldoret na kukabidhiwa afisa au polisi wa akiba ihesabiwe, na hesabu hiyo isomwe mbele ya Bunge. Silaha zikikusanywa, zikusanywe pande zote mbili za mto siku moja, na kituo cha polisi kibaki pale helikopta ikishaondoka. Kisikae ndani ya darasa, maana shule iliyogeuzwa kambi imefungwa pia. Na wale matajiri wa ng'ombe ambao kila waziri anasema anawajua kwa majina, wafikishwe mahakamani, au waziri aache kutuambia anawajua.

Haya yote hayahitaji sheria mpya hata moja. Yanahitaji sisi wa hapa chini, wenye lami na stima na shule zinazofunguliwa Jumatatu, tuache kulia na Texas huku tukipita Marigat tumefunga vioo. Mbunge wako akija kuomba kura 2027, usimuulize kuhusu mifugo. Muulize shule ngapi zimefungwa kule juu, na umwambie akutajie kwa majina.