Saa Mbili Usiku, Sauti ya Kwanza Imechoka

Wiki mbili kabla ya Pasaka, anayepita jirani na parokia nyingi za Dar es Salaam saa mbili usiku huwasikia wanakwaya. Kinanda kimefunguliwa hadi mwisho, ngoma inagonga, na mwalimu wa kwaya anarudisha ukurasa uleule kwa mara ya tisa. "Sauti ya kwanza, tena!" Kwenye benchi la mbele dada mmoja anakohoa kidogo, anameza mate, ananyanyua kidevu ili aifikie noti ya juu. Inatoka, lakini imechelewa kidogo, na upepo umeitangulia. Mwalimu anadhani dada hajashika wimbo. Anaurudisha kwa mara ya kumi.

Wimbo ameushika tangu juzi. Zilizochoka ni nyuzi zake za sauti.

Noti ya la iliyo juu ya do ya kati ni mitetemo 440 kwa sekunde. Yaani nyuzi mbili laini, zenye urefu wa kama sentimita moja na nusu kwa mwanamke mzima, hukutana na kuachana mara 440 kabla mtu hajamaliza kutamka jina lake. Dakika moja ya noti hiyo ni mara 26,400. Nusu saa inakaribia laki nane. Mtu akipiga makofi mia chache tu viganja huanza kuwaka moto, naye huacha mwenyewe. Nyuzi za sauti mara nyingi huvimba bila kuuma. Kinachokuja kuuma baadaye ni misuli ya shingo na koo, iliyoitwa kusaidia kazi isiyo yake. Kwa hiyo mwimbaji anayesubiri maumivu ndipo apumzike amekwisha kuchelewa.

Sikio ndilo linalotangulia kujua, ila lielekezwe pa kusikiliza. Sauti iliyochoka hupoteza kwanza noti za juu zinazoimbwa polepole na kwa upole. Zile za nguvu hubaki, kwa sababu pumzi nyingi inaweza kuzilazimisha nyuzi zilizovimba zitetemeke. Hapo ndipo walimu wengi wanapopotea: kwaya inanguruma, kanisa linajaa, kila mtu anaona mambo ni mazuri. Mwaka 1990 daktari wa koo wa Marekani, Robert Bastian, na wenzake walichapisha njia rahisi ya kugundua uvimbe huo. Mwimbaji huimba mstari wa kwanza wa wimbo wa siku ya kuzaliwa, ule ambao kila mtu anaujua, juu kabisa na kwa sauti ndogo mno. Noti ikikatika, ikichelewa au ikitoka na upepo mahali ambapo jana ilitoka safi, kuna uvimbe. Hakihitajiki kifaa wala senti moja, na ni ajabu kwamba kwaya nyingi hazijawahi kujaribu.

Halafu kuna hesabu ya mchana. Yule dada wa benchi la mbele huenda ni mwalimu wa shule ya msingi aliyeshinda akipaza sauti mbele ya watoto themanini, au anauza nguo Kariakoo, ambako bila kuita hakuna mteja. Koo lake ni hilohilo moja. Anapofika mazoezini saa kumi na mbili jioni, kazi ya koo imeanza tangu asubuhi, na kinanda kinaiongeza. Daktari wa Kifaransa Étienne Lombard alieleza mwaka 1911 kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujijua. Spika za kinanda zikipunguzwa, waimbaji nao hushuka wenyewe, bila kukaripiwa.

Dawa za vibarazani nazo zinahitaji kusemwa vizuri. Tangawizi na asali hupoza koo, lakini hakuna kinywaji kinachofika kwenye nyuzi za sauti. Kikifika, mtu hupaliwa. Maji huzisaidia kwa kupitia mwilini, ndiyo maana yanywewe tangu asubuhi. Kumeza chupa nzima dakika tano kabla ya kuimba hakuokoi kitu. Pipi kali za mnanaa zina hatari yake: hutuliza koo, mwimbaji akadhani amepona, akaendelea.

Waimbaji wakubwa nao yamewafika. Mwaka 2011 Adele alivuja damu kwenye uzi wa sauti, akafuta maonyesho yake Marekani, akafanyiwa upasuaji Novemba na kunyamaza. Februari 2012 alirudi jukwaani na kuondoka na tuzo sita za Grammy. Julie Andrews alifanyiwa upasuaji wa koo mwaka 1997, na sauti ile iliyojulikana dunia nzima haikurudi tena. Upasuaji, basi, hauna hakika. Wengine watamtaja Bi Kidude, aliyevuta sigara na kuimba kwa sauti ya kukwaruza hadi uzeeni, akafariki Aprili 2013 akiwa bado kipenzi cha Zanzibar. Ni kweli, na heshima yake iko palepale. Ila waliopotelewa na sauti wakiwa na miaka thelathini hakuna anayewataja, kwa kuwa hawakusikika tena.

Uamuzi wa kusimamisha mazoezi unapaswa kuwa wa mwalimu. Mwanakwaya anayeomba kupumzika huonekana mvivu, au anaringa, hasa Juma Kuu likikaribia, na wengi huona haya wakanyamaza. Mwalimu akisema "inatosha", hakuna anayeaibika. Kazi haisimami kwa sababu hiyo: maneno yanaweza kusomwa, mapigo yakapigwa kwa makofi, na besi wakifundishwa sehemu yao, sauti ya kwanza wakae kimya kweli, bila hata kuvumisha. Na ambaye sauti imemkauka zaidi ya wiki tatu aende kwa daktari wa masikio, pua na koo, amchungulie. Vinundu vya waimbaji, vikiwahiwa, mara nyingi hupungua kwa mapumziko na mafunzo ya sauti, bila kisu.

Kabla ya Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu, Mkesha na misa ya asubuhi ya Pasaka, ambazo zote zinalidai koo lilelile ndani ya siku nne, zimebaki jioni chache za mazoezi. Itakapofika saa mbili kasorobo, mwalimu azime kinanda. Awaombe sauti ya kwanza waimbe mstari wa juu kabisa kwa sauti ya kumbembeleza mtoto alale. Ukitangulia upepo, mabenchi yarudishwe ukutani na watu waende nyumbani.