Wazazi Wawili Ndani ya Korosho
Mkulima wa Newala au Masasi anayeteua mbegu chini ya mkorosho wake bora humjua mama wa mbegu hiyo, lakini baba, yaani mti uliotoa chavua iliyobebwa na wadudu, hamjui, na ndiyo sababu watafiti wa Naliendele, Mtwara, wamehimiza miche ya kubebesha. Katika mbegu yenyewe wazazi hao hawana sauti sawa: endospemu, tishu inayolisha kiinitete, hupokea seti mbili za jeni kwa mama na moja kwa baba, na baadhi ya jeni huzimwa kwa kufuata upande zilikotoka. Mwaka 1970 Jerry Kermicle alionyesha kwamba jeni moja ya rangi ya mahindi, ikitoka kwa mama, huipaka punje yote zambarau, ilhali ikitoka kwa baba huiachia madoadoa tu. Miongoni mwa vidhibiti vya uzimaji wa namna hii zimo RNA ndogo, nyuzi za takriban herufi 24 zinazoonyesha mahali pa kuweka alama za kemikali kwenye DNA. Katika korosho, tofauti na mahindi, endospemu humalizwa mapema, na kinachobaki baada ya kubangua ni kiinitete chenye ghala zake mbili za chakula. Kwa hiyo mkorosho wenyewe, unaolisha kaya nyingi za kusini, unastahili kuchunguzwa kwa swali hili, badala ya kukisiwa kutokana na mahindi.