"Unakaa tu na kompyuta, presha imetoka wapi?"

Ni Jumamosi asubuhi Kijitonyama, wilayani Kinondoni. Vijana watano wanaotengeneza programu za kompyuta wamekaa kwenye kijiwe cha kahawa, kila mmoja na kashata yake. Mazungumzo yanaruka huku na kule: bando linavyoisha kabla ya wakati, umeme uliokatika katikati ya kikao na mteja, na akili mnemba inayomaliza kwa dakika chache kazi iliyokuwa ya siku mbili.

Katikati ya utani, mmoja wao, baba wa watoto wawili anayeishi Mbagala, Temeke, anachomekea: "Jamani, juzi nimepima presha, nikaambiwa 160 kwa 100. Mashine yao mbovu ile."

Wenzake wanacheka. Mmoja anamwambia, "Punguza chipsi, kaka." Mada inarudi kwenye akili mnemba.

Kijana huyo ana miaka 31. Hanywi pombe wala havuti sigara. Alipomweleza mkewe, mama huyo naye alishangaa: "Unakaa tu na kompyuta, presha imetoka wapi?"

Swali hilo lingeulizwa katika nyumba nyingi. Wazazi wetu walizoea kwamba kazi ngumu ni ya jembe, zege au mzigo sokoni. Anayekaa kitini anaonekana amepumzika.

Lakini itazame siku yake. Mteja wake yuko California, Marekani. Saa tatu asubuhi ya huko ni saa moja au saa mbili usiku hapa Dar es Salaam, kutegemea msimu. Watoto wanapokaa kula chakula cha usiku, yeye ndiyo anaanza kikao. Analala saa tisa usiku, na saa kumi na moja na nusu anaamka kumwahisha mtoto kwenye gari la shule. Kinachomsogeza ni vinywaji vya kuongeza nguvu, chipsi zenye chumvi nyingi, na kiti kimoja anachokikalia usiku kucha.

Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalitoa utafiti unaowahusu watu kama yeye. Anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo nayo inapanda kwa asilimia 17.

Kwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Aliyejiajiri na mteja wake yuko ng'ambo hana wa kumhesabia. Wanaoweza kumhesabia ni watu anaoishi nao.

Ubaya wa presha ni kwamba mara nyingi haiumi. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikijirudia siku tofauti, ni dalili ya shinikizo la juu la damu. Kipimo kimoja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa, lakini si sababu ya kuilaumu mashine. Rudia kupima kituo cha afya: kaa dakika tano umetulia, egemeza mgongo, weka mkono mezani, na usinywe kahawa nusu saa kabla. Ikifika 180 kwa 120, au mtu akaumwa kifua, akalegea upande mmoja au akashindwa kuongea vizuri, asisubiri kesho. Apelekwe hospitali mara moja.

Nyumbani, kubalianeni saa ya kufunga kompyuta, na asiyelala usiku apewe muda wa kulala mchana bila kutumwa dukani. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mzima kwa siku, ikiwamo iliyo ndani ya chakula. WHO inashauri pia mazoezi ya wastani ya angalau dakika 150 kwa wiki. Kutembea na mtoto jioni kwa nusu saa, siku tano, kunatosha kuzifikisha, naye mtoto anapata muda wa kuwa na baba yake kabla ya kikao.

Jumatatu, mkewe alimsindikiza kituo cha afya. Mashine ilikuwa nyingine, majibu yalikuwa karibu yaleyale, na sasa anahudhuria kliniki.

Jumamosi iliyofuata aliyasema tena pale kijiweni. Safari hii hakuna aliyecheka. Wawili walitaka kujua amepimia wapi.