Neno la Mdhulumiwa Mbele ya Majaji wa Rufani

Kila mara majaji wa rufani wanapomwachilia mtu aliyefungwa kwa ubakaji au unajisi, husikika lawama kwamba mahakama hazimwamini mwanamke. Na wanapoidhinisha kifungo cha maisha, wapo wanaouliza: yawezekanaje mtu aozee gerezani kwa neno la mtoto mmoja? Nionavyo mimi, pande zote mbili hazijatazama panapostahili kutazamwa.

Tuanze na historia. Kwa miaka mingi mahakama zetu zilishika kanuni iliyorithiwa kwa Waingereza, kwamba ni hatari kumtia mtu hatiani katika makosa haya bila ushahidi mwingine wa kuunga mkono maneno ya mlalamishi. Aliyeibiwa mbuzi hakudaiwa hivyo. Mwanamke aliyebakwa alidaiwa. Mnamo 2003 Mahakama ya Rufani iliikataa kanuni hiyo, ikisema kwamba ilikuwa ya kibaguzi na kinyume cha Katiba ya wakati ule. Mwaka huo huo Bunge likarekebisha kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi. Mnamo 2006 Mahakama ya Rufani ikaeleza kwamba kukosekana kwa ripoti ya daktari hakuiui kesi ya ubakaji, maana neno la mdhulumiwa laweza kutosha.

Basi kwa nini watu bado huachiliwa? Jibu limo katika kifungu hicho hicho cha 124. Sheria humruhusu hakimu kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mdhulumiwa peke yake, lakini kwa sharti: aridhike kwamba anasema kweli, na aziandike sababu za kuridhika kwake. Sharti hilo la kuandika ndilo ninalotaka msomaji alizingatie.

Hakimu humwona shahidi. Huona anavyojibu, anavyosita, anavyolia. Jaji wa rufani hana ila karatasi. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki wa mwaka 1972, jaji wa rufani ya kwanza ana wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake mwenyewe, huku akikumbuka kwamba hakuwaona mashahidi. Rufani ya pili ni finyu zaidi: husikiliza hoja za sheria tu. Hakimu akiandika, "Nimemwamini," kisha akanyamaza, amemwachia jaji nini cha kupima? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Haki nayo ni hivyo hivyo.

Sisemi kwamba kila mlalamishi aaminiwe bila kuhojiwa. Chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake hufungwa maisha. Adhabu nzito kiasi hicho haiwezi kujengwa juu ya msemo kwamba lisemwalo lipo. Maneno ya mtoto yapimwe: je, yanashikamana? Je, alimtambuaje mtu huyo, na palikuwa na mwanga? Je, upo ugomvi wa familia unaoweza kuzaa uongo? Lakini maswali hayo ni ya kuupima ukweli, wala si ya kupima jinsia wala umri wa msemaji. Hiyo ndiyo tofauti kati ya tahadhari na dharau.

Walimu wenzangu, jambo hili latuhusu, kwani mara nyingi mtoto hutuambia sisi kwanza. Tusimtilie maneno kinywani. Tuyaandike aliyoyasema kama alivyoyasema, pamoja na tarehe na saa, kisha tupige ripoti kwa polisi na kumfikisha hospitalini bila kuchelewa. Na ninyi wanafunzi mnaotamani kuvaa joho la hakimu, jifunzeni mapema kutoa sababu za kila mnaloliamini. Huenda siku moja sentensi tatu mlizozionea uvivu kuziandika zikamnyima mtoto haki yake, au zikamfunga maisha asiye na hatia.