Kama Hatuna Sura Yake, Tuacheni Fremu Tupu

Wasee, hii mambo ya kuwachorea wazee wetu sura kwa akili unde imenichosha. Ukiingia mtandaoni unampata Mbaruk bin Rashid ana macho makali kama muigizaji wa tamthilia ya Kituruki. Mekatilili wa Menza naye ana ngozi ya tangazo la mafuta ya kujipaka. Chini watu wamejaa: "Mashallah, kumbe alikuwa hivi!" Alikuwa hivi wapi? Nani alimuona?

Msimamo wangu ni huu: kama hatuna sura ya mtu, tusimtungie. Na mfano ninaoupenda zaidi unatoka Urusi, msicheke.

Saint Petersburg, ndani ya jumba la wafalme wa zamani, kuna ukumbi uliofunguliwa 1826. Kuta zimejaa picha za rangi ya mafuta, zaidi ya 330, za majenerali waliopigana na Napoleon. Aliyepewa kazi ni Mwingereza, George Dawe, na wasaidizi wake. Kila mkubwa na nishani zake, kifua mbele. Lakini fremu 13 hazina mtu. Sura za hao hazikupatikana. Dawe angeweza kubuni pua na masharubu, nani angembishia? Hakubuni. Fremu zikafunikwa kitambaa cha kijani, jina likaandikwa chini, zikatundikwa safu moja na wenzao.

Sasa turudi kwetu Takaungu. 1837 Seyyid Said aliwavunja nguvu Mazrui wa Mombasa. Waliobaki wengine wakaenda Gazi, wengine wakaja hapa. 1895 mkubwa wao wa hapa, Salim bin Khamis, akafariki, Waingereza wakamweka waliyemtaka wao, vita vikawaka. 1896 Mbaruk wa Gazi akavuka mpaka kwa Wajerumani.

Upande wa Seyyid Said picha zipo. Nahodha wake Ahmad bin Naaman alifika New York na meli ya Sultana 1840, na mchoraji Edward Mooney akamchora kwa rangi ya mafuta. Ukimtazama yule, ni yeye kweli, alionwa kwa macho. Ndio ujue, kuchorwa kulikuwa kwa wenye meli na wenye serikali.

Na tusiishie kwa wakubwa. Mashamba ya hapa yalilimwa na watumwa. Waliotoroka, wengine walikimbilia bara, Fuladoyo. Hao nani aliwachora? Wengi hata majina hatuna. Ukiiambia programu ikupe "mtumwa wa Takaungu", itakupa mtu mwenye minyororo aliyeokotwa kwenye picha za kwengine. Yaani amenyimwa jina, halafu anavishwa uso wa mtu mwengine. Hapo tumemheshimu au tumemfuta mara ya pili?

Najua mtasema watoto hawasomi bila picha. Sawa, chora. Lakini andika kubwa kuwa ni mawazo yako, weka jina lako. Mchoraji anayesema "mimi nilimfikiria hivi" hajadanganya mtu. Tatizo ni picha isiyo na mwenyewe, inayozunguka kama ushahidi.

Ubaya wake mwengine ni huu: sura bandia inaziba nafasi. Ukishaiona huulizi tena. Fremu tupu inakusumbua, unataka kujua nani alikuwa hapa na kwa nini hayupo.

Kwa hivyo mimi naomba hivi. Tutafute ukuta mmoja Takaungu, skuli au madrasa, tutundike fremu. Badala ya kitambaa cha kijani tuweke leso. Chini jina na mwaka, kama vipo. Kwa wale wa mashambani tuandike tu: alilima hapa. Pengine mtu atapita, asome jina, akumbuke kuna picha ya zamani ndani ya sanduku la bibi yake, ailete. Ikija ya kweli, tunatoa leso.

Nyinyi wenye mababu Takaungu na Gazi, muulizeni bibi kwanza leo jioni, kabla hamjaiuliza programu. Bibi hatakaa milele.